Jirani Mwenye Sifuri

Kila Jumamosi mwalimu Chedego huniachia
karatasi saba kwa mtoa kopi, pale Kibaigwa,
mkabala na mizani ya mahindi.
Shilingi mia kila moja. Wino hafifu,
nane zimefanana na tatu,
lakini ni saba kamili, na wiki haina siku ya nane.

Hesabu kumi kila jioni.
Nilitaka ishirini. Mwalimu akakataa:
"Mtoto si lumbesa, Mama Sechelela,
usimshindilie."

Basi kumi. Baada ya ugali wa uwele na mlenda,
sufuria bado chafu, upepo unapitisha vumbi chini ya mlango,
anakaa, anailamba ncha ya penseli.
Wiki ya kwanza alilia mpaka karatasi ikatoboka
kwenye hesabu ya sita.
Wiki ya pili alikwenda kukojoa mara nne.
Ya tatu, ya nne, sikumbuki.
Ya tano nilisikia penseli tu.

Kisha likaja lile la kukopa.

"Mbili toa saba?"
"Haitoshi."
"Sasa?"
"Nakopa."

Neno hilo nyumbani kwetu lina daftari.
Liko dukani kwa Mangi, kurasa mbili, jina langu juu,
na mimi hupita njia ya nyuma, kwenye miiba,
nisisalimiwe.
Yeye analitamka kama anayeomba maji.
Nakopa, anasema, na makumi wanampa,
hawamuulizi atalipa lini.

Jana ilikuwa mia nne na mbili, toa mia moja hamsini na saba.
Penseli ikasimama.
"Mama, jirani ana sifuri."

Jirani huyo namjua.
Januari ile mvua ilipotukimbia
nilitoka na bakuli kwenda kwa Mama Ndahani,
nikamkuta katikati ya njia
naye ana bakuli lake, anakuja kwangu.
Tulicheka mpaka tukakaa chini.

"Akiwa na sifuri," nikamwambia,
"unampita. Unagonga nyumba ya tatu."

Akagonga. Akaandika, akakata, akaandika tena:
mia mbili arobaini na tano.
Mimi nilikuwa nimeshapiga kichwani,
mimi wa darasa la tano niliyeachia njiani:
mia mbili hamsini na tano.
Nikachukua kalamu nyekundu, nikamwekea mkasi.

Hakulia.
Aligeuza karatasi, akajumlisha jibu lake
na kile alichokitoa, midomo ikicheza.
Mia nne na mbili.
Akajumlisha na langu.
Mia nne kumi na mbili.

"Mama, umemsahau jirani.
Hukumpita. Mamia walimpa kumi,
akatoa moja kwa mamoja,
akabaki na tisa."

Tisa.

Miaka yote hii nilidhani
anayepitishiwa kitu mkononi
hubaki na mkono mtupu.
Au labda sikudhani chochote,
nilikuwa nimesahau tu, kama mtu anavyosahau
ufunguo, na mlango ukafungwa miaka ishirini na sita.

Wino mwekundu haufutiki.
Nikaandika pembeni ya mkasi wangu: *kosa la mama*,
mwalimu akiona ajue ni la nani.
Sechelela akasoma, akaziba mdomo kwa kiganja,
mabega yakamtikisika.

"Bado tatu," akasema.
Taa ya sola ilikuwa imeanza kufifia,
nikaisogeza upande wake
na sufuria nikazisugua gizani, kwa kupapasa.

Ya kesho nimeshaichungulia.
Ni kugawanya.
Na mwisho wa kila mstari, mwalimu amechora
kisanduku kidogo cha baki,
kimekaa wazi.