Namba Mbili

Siku tatu tulikaa Moshi, ukumbi wa nyuma wa hospitali,
matabibu wa meno kumi na wanne
na trei za meno yasiyo na wenyewe.
Sifuri: jino zima. Sita: shimo la kutosha dengu.
Ugomvi ulikuwa katikati.

"Likausheni kwanza," alisema Dokta Ndewirwa.
"Jino likilowa linaficha. Pulizeni, hesabuni hadi tano."
Nikapuliza. Moja, mbili,
na doa likajitokeza taratibu, jeupe,
kama chumvi ya jasho kwenye kola ya shati jeusi.
Miaka kumi na moja nimetazama vinywa
kumbe natazama mate.

Niliandika nne, yeye akaandika mbili.
Nikaandika nne tena. Mbili.
Elinami wa Machame akanichungulia karatasi:
"Dada, wewe una jicho la keekee."
Nikacheka. Lakini usiku, kitanda cha hosteli,
ulimi wangu haukulala, ulipapasa gego moja moja.

Jino la kumi na saba lilikuwa limezibwa.
Nikaligeuza chini ya taa.
Ukingo wa kushoto umepandishwa kidogo, hivi,
kama ninavyopandisha mimi tangu chuoni.
Mtu huujua mkono wake kama mwandiko.
Kando ya kiraka, uozo mpya.
Mzizi mmoja umekatika, ulikataa kutoka.
"Hilo lirukeni, halimo kwenye hesabu ya leo."
Nikaliruka.

Usipoziba ufa, walituambia.
Nimeziba. Mungu anajua nimeziba.
Hakuna aliyeniuliza kama ule ulikuwa ufa.

Tengeru, Jumatano, siku ya soko.
Foleni inanukia ndizi na makoti yaliyonyeshewa.
Mama Anaeli ametoka Maji ya Chai na mwanawe:
"Meno ya ukubwani, Daktari, tayari yameharibika.
Yachimbe uyazibe kabla hayajaanza kuuma."
Kahawia, mistari mistari,
maji ya kisima, magadi ya makande;
mlima umepita humo ukaacha nyayo.

Zamani (zamani ni mwezi uliopita)
ningekuwa nimeshawasha mashine.
Sasa pamba. Hewa. Moja, mbili, tatu, nne, tano.
Kahawia ni ya maji, siyo ya kuoza.
Ila huku nyuma, gegoni, ndani ya mfereji,
weupe.
Mbili.
Na upande wa pili, gego ambalo nisingeligusa,
zima, linang'aa, na chini yake kivuli cha kijivu
kama maji yaliyopenya chini ya zulia.
Nne. Hili ndilo la leo.

"Moja tu?"
"Moja tu."
"Na haya ya rangi? Na hilo lenye doa?
Nimelipa faili, nimelipa bodaboda ya kuja na ya kurudi."
"Ya rangi si mabovu. Lenye doa tunalisubiri."
"Kusubiri ni dawa gani, Daktari?"

Sikuwa na jibu la thamani ya nauli yake.
Nikampa kioo, nikapuliza tena,
aone mwenyewe doa likija,
kisha mate yakirudi kulifunika.
Akatazama muda mrefu. Akasema, "Mh."

Nimeandika kwenye kadi, kwa wino: 2. Tarehe.
Mswaki kabla ya kulala. Soda, sikukuu tu.
Miezi mitatu.
Huenda atarudi. Huenda atapita kwa Kaaya pale njia panda,
atakayeziba yote kabla ya saa sita
na kushukuriwa.

Anaeli ametoka na ganzi, mdomo umelegea upande,
anajaribu kupiga mluzi, unagoma.
Mlango umefungika.
Nimekaa na kadi mkononi, najisifu kidogo,
ndipo nikashtuka:
mguu wangu wa kulia
bado uko juu ya pedali.