Kurasa za M

Kutaisi, Januari. Umeme ulikatika tangu vuli,
na bomba la gesi likifunguliwa hutoa upepo tu.
Mzia ana miaka kumi na minne na makoti mawili,
yote kayavaa.

Kwanza kilikwenda kiti cha roshani.
Kisha fremu za picha; picha zikabaki.
Kisha kabati la viatu, kwani viatu vyenyewe
vilikwishauzwa sokoni, jozi kwa jozi, kwa mafuta ya taa.
Mdogo wake, Gela, hukohoa usiku
kama mtu anayeburuta meza juu ya saruji,
na meza yenyewe ni majivu zamani.

Ndipo deda, ndivyo aitwavyo mzazi wa kike kule,
akatazama rafu, akatazama sakafu.
"Chagua wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Mzia akachagua kamusi.
Si kwa kuichukia. Ilikuwa nene,
tena hadithi ukiikata katikati huvuja,
bali neno ni punje: ukilimeza zima, ni lako.
Akaweka sharti: hapana ukurasa kuingia jikoni
kabla haujapita kichwani.

Walianzia nyuma, herufi ya thelathini na tatu.
Yeye husoma, Gela huitikia, karata ya moto huliwa.
Jina la samaki wa mtoni likachemsha chai.
Matusi ya kale yakaivisha viazi vitatu;
Gela alicheka hadi kikohozi kikamkaba.
Tsiala wa ghorofa ya pili alikuja kuota moto
akabishana na maana ya neno moja
hata lilipokwisha kuwa moshi.

Kwenye foleni ya mkate, saa kumi alfajiri,
Mzia alizihesabia aya vidole vya miguu visife.
"Unasali, binti?" aliuliza mzee wa nyuma yake.
"Hapana. Nimefika Sh."

Februari wakafika M.
Msomaji wangu, usijikwae hapa:
katika lugha ya Mzia, mama ni baba.

Na baba alikwenda Sukhumi na lori la unga
wiki ile mji ulipoanguka.
Lori lilionekana. Unga haukuonekana.
Kuhusu baba, kila aliyerudi alisema jambo lake.

Alitafuta ukurasa, akausogeza kwenye mshumaa.
Mama: mzazi wa kiume.
Basi. Alipindua nyuma, labda yameendelea.
Hayakuendelea.

Akachukua penseli, akaandika pembeni, herufi ndogondogo:
hupiga mluzi akinyoa ndevu.
Hajui kuogelea, husema anajua.
Huchovya mkate kwenye chumvi kwanza, ndipo auzwe kwa mdomo.
Anadaiwa na Mzia safari moja ya baharini.
Nafasi ikamwishia.

Gela alikuwa anatetemeka, midomo rangi ya zambarau.
Deda alinyoosha mkono, akaurudisha.
Mzia akausoma ukurasa mara moja, kwa sauti,
na yale ya penseli pia, kana kwamba yalichapwa,
akaufungulia mlango wa jiko la bati yeye mwenyewe.

Usiku ule baba aliwapasha joto
kwa muda wa kuhesabu hadi arobaini.

Kesho yake walianza L.
Mlikuwa na neno lodini, maana yake kungoja.
Gela alilitamka vibaya mara tatu.
Mzia akasema: tena.