Mizani ya Mpunguzi

Kopo la naitrojeni tuliliazima Mpwapwa
kwa wahimilishaji wa ng'ombe:
mbegu za madume zimetolewa, baridi imebaki.

Malugu akaimimina juu ya kigae cheusi,
upana wake kama kitumbua.
Kikipoa, umeme hupita ndani yake bila kukinzwa.
Ukungu ukamwagika mezani hadi kwenye viatu vyetu.
Sumaku ikaelea. Tukanyamaza kidogo.

Lakini hatukuijia sumaku.
Juu ya kigae, kwa uzi wa kushonea,
tulining'iniza kokoto la mlimani,
na uzi ukafungwa kwenye mizani ya sonara.
Je, uzito utapungua?

Saa nane na robo ukapungua.
Sehemu mbili za mia za gramu!
Malugu akapiga kigelegele cha kiume;
mimi nikaandika, mwandiko ukiyumba.

Bi Chilewa akainuka, akafunga dirisha.
Kumbe upepo wa Agosti, na vumbi lake,
ndio uliokuwa ukilibeba jiwe letu.
Tukarudia mara thelathini na moja.
Jiwe likabaki jiwe.

Jumamosi nilikuwa Mpunguzi, nikimvunia mama zabibu.
Mnunuzi akatundika mizani yake kwenye boriti.
Tenga ambalo bega langu lilijua ni kilo ishirini na tano
likasoma ishirini na mbili.
Bila baridi. Bila kigae.
Hata jani halikutikisika.

Mama alikwishanyoosha mkono kupokea hela.
Nikatoa daftari, nikaandika saa,
nikamwambia yule bwana:
tafadhali, rudia.