Risiti

Wakili wa bima aliniuliza mapato yangu kwa siku
kana kwamba siku ni mapacha.
Nikasema: Jumamosi vichwa saba,
wiki ya kufungua shule, mpaka mshumaa uishe,
masika kichwa kimoja, nacho cha mkopo.
"Jibu kwa nambari, mama.
Na risiti ziko wapi?"

Nani humwandikia mtu risiti ya twende kilioni?
Risiti ilikuwa kichwani mwa mwenyewe.
Alitembea nayo sokoni, kanisani, matangani,
mtu akaiona, akauliza, "Nani kakusuka?"
Akaambiwa, "Kageha wa Majengo,
kibanda cha buluu, ukipita muuza mafuta ya taa."
Wiki tatu, kisha risiti inafumuliwa,
inafagiliwa, inachomwa.

Daktari naye aliandika: vidole viwili, mkono wa kulia,
havikunji. Ulemavu, asilimia nane.
Nane ya mwili mzima, alinieleza, pamoja na miguu.
Lakini miguu yangu haijawahi kusuka mtu.
Vile viwili ndivyo vilivyokuwa vikigawa nywele,
vikilipa karo ya Lung'aho,
vikinunua unga, vikimtumia mama
mia tano kila mwisho wa mwezi kule Sabatia.

Siku yenyewe nilikuwa na Jerida kwenye kigoda.
Nusu ya kichwa nimemaliza, nusu imesimama kama kiduka.
Uzi ukaniishia.
"Dakika mbili," nikamwambia, nikavuka.
Probox ya maziwa ilitoka upande wa Chavakali
ikilipita lori la mchanga.
Maziwa nayakumbuka. Yalikuwa ya moto kuliko lami.

Jerida alinipeleka hospitali ya Mbale
na kichwa chake cha nusu, damu yangu kwenye leso yake,
na muuguzi alipotufungulia mlango
alimkamata yeye kwanza,
akidhani ndiye mgonjwa, tena wa akili.
Tulicheka miezi mitatu baadaye.
Siku ile hatukucheka.

Kesi ilikwenda miaka mitatu na mvua zake.
Hakimu alikuwa mwanamke, mpole, anayesoma polepole.
Alisema, kwa kuwa hapana hati wala daftari,
mahakama itatumia kima cha chini cha mshahara,
daraja la kibarua wa kawaida, asiye na ujuzi.
Akazidisha kwa miezi.
Akakata asilimia ishirini, kwa kuwa nilivuka bila kuangalia.
Alipoinama kutia sahihi nikaona kisogo chake:
msusi wake anavuta mno,
nywele za ukingoni zimeanza kung'oka.
Mwaka mmoja zaidi, pale patakuwa kiwanja.
Mimi, asiye na ujuzi, niliona hilo
kutoka kwenye benchi la nyuma.
Sikusema. Sikuulizwa.

Hela zilikuja zikiwa zimechoka.
Wakili wangu alizipokea kwanza, akazipunguzia mzigo.
Nikalipa deni la duka, deni la chama,
nikamnunulia Lung'aho viatu vyenye soli.
Zikabaki za kufunga kwenye pindo la leso.

Nikaenda kwa Jerida, anaanika mahindi uani.
Nikamwambia: asubuhi ile ulitanguliza mia tatu.
Nilikusuka nusu. Hii hapa mia na hamsini yako.
Aliniangalia kama mtu anayetafuta jeraha jipya.
Akasema, "Kageha, acha upuuzi."
Nikasema, nimetoka mahali wanapohesabu.
Acha na mimi nihesabu.

Akazipokea.
Akaingia ndani, akakaa,
akarudi na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto:
*Nimepokea kwa Kageha, msusi, shilingi 150,
za nusu ya kichwa.*
Tarehe. Sahihi. Na chini, kwa mkono uleule,
*nusu ya kwanza ilikuwa nzuri.*

Nimeiweka kwenye bati la majani ya chai.
Ndiyo risiti pekee niliyo nayo.