Ta Iliyokatwa

Baba yangu aliitwa Umeme.
Bidyut, kwa lugha yetu, na jina alilistahili:
miaka thelathini na mmoja juu ya nguzo za Krishnanagar,
koleo kiunoni, mguu mmoja hewani,
akiwarudishia watu taa katikati ya mvua.
Alipostaafu
kompyuta ya ofisi ya pensheni ikashindwa kuliandika.

Si jina zima. Herufi ya mwisho tu,
ile ndogo iliyojikunja kama mkia wa mjusi
mjusi mwenyewe akiwa ameshakimbia:
khanda-ta, ta iliyokatwa.

Kwetu kila konsonanti huzaliwa na irabu tumboni.
Ukiitaka kavu, unaichomeka mkwaju mdogo chini,
nayo inanyamaza palepale ilipofika.
Ta peke yake ndiyo iliyokataa mkwaju,
ikajitafutia umbo lake la ukimya.

Lakini siku zile umbo hilo halikuwa na namba.
Mashine ilipewa tatu badala ya moja:
ta nzima,
mkwaju,
kisha herufi isiyoonekana, isiyo na upana wala sauti,
ambayo kazi yake ni kunong'ona tu:
hawa wawili, wahesabu mmoja.
Mahali fulani kati ya Kolkata na sisi
programu ya usafi ilikuta kitu kisichoonekana,
ikakifagia.

Karani Samaddar akanigeuzia skrini.
Jina la faili na jina la kitambulisho
yalitamkwa sawa, yakaonekana ndugu wa kambo.
"Lakini mimi nipo," baba akasema kutoka kwenye benchi.
"Upo," Samaddar akakubali, akipuliza chai.
"Upo, ila hulingani."

Usiku nikalifungua jina namba kwa namba. Tisa.
Nikaiona irabu i, inayotamkwa baada ya ba
na kuandikwa mbele yake.
Mashine huitunza kama sikio linavyoipokea, ya pili,
halafu kwenye kioo huipandisha mbele:
wa mwisho kufika, wa kwanza kupewa kiti.
Da na ya zimebanwa hadi ya imebaki mkunjo,
kama pindo la sari lililonaswa na mlango.
U inaning'inia chini yao.
Yote haya iliyaweza! Ikashindwa na mkia.

Kidole kiliteleza nikaifuta ba.
Hapo likatokea duara la nukta nukta,
na i imeliegemea.
"Huyo nani?" baba aliuliza juu ya bega langu.
Nikamwambia ni kiti cha asiyekuwepo.
Akakitazama kwa muda.
"Basi ina adabu," akasema, "kumwekea mtu kiti."

Miezi kumi na minne Samaddar alimlipa kwa kalamu,
katika daftari lenye jalada la kitambaa,
wino wa buluu, khanda-ta iliyojaa tele
kama mtu aliyeshiba.
Kisha habari zikaja: herufi imepata namba yake.
Moja, ya kwake peke yake.
Nilinunua peremende za maziwa, nikagawa mtaa mzima
ambao haukuelewa tunasherehekea nini.

Tukaenda ofisini. Samaddar akaandika jina jipya,
namba saba, safi, bila mnong'ono wowote ndani yake.
Akabonyeza. Akasubiri. Akavua miwani.
Faili la zamani lina tisa, jipya lina saba.
Kwa macho hayatofautiani hata kwa unywele.
"Bwana Karanjai," alianza,
na baba akammalizia: "Nipo, ila silingani."

Wakati huohuo taa zikazimika.
Feni ikazunguka mara tatu za mazoea, ikasimama.
Skrini ikawa nyeusi, pamoja na saba na tisa zake.
Gizani nikasikia benchi likilia:
baba ameshasimama,
mkono wake kiunoni
unatafuta koleo.