Mtoki Bila Jeraha

Mwezi wa tatu, mvua ikipiga mabati ya Kadutu,
nilikuwa nikipima kola ya shati la Bisimwa.
Alipoondoka nikajizungushia utepe shingoni, mchezo tu:
sentimita thelathini na tano.
Chini ya taya, upande wa kushoto,
kitu kikateleza chini ya kidole
kama haragwe lililolowekwa usiku.

Sikumwambia mtu. Nilimaliza shati.

Kwetu Kabare, mtoto akivimba mtoki
bibi hakuuliza mtoki, aliuliza mguu.
"Lete unyayo," alisema, "tutafute mwiba."
Mwiba ukichomolewa,
chumvi na maji ya moto, siku nne,
mtoki unarudi ulikotoka bila kuaga.
Basi nami nikaketi kitandani na tochi ya simu,
nikakagua nyayo, kucha, katikati ya vidole.
Kichwa nikampa Nabintu,
akapasua nywele mstari kwa mstari
kama tunavyotafuta sindano iliyoanguka sakafuni.
Jino? Meno yote yapo, hata lile la kuvunjia mfupa.
Mtoki upo. Jeraha halipo.

Kufikia mwezi wa tano zilikuwa tatu.
Daktari Kashosi akauliza: ukubwa gani?
Nikafungua kikopo, nikampangia vifungo mezani:
hii ya shingoni, kifungo cha shati la shule,
hii ya kwapani, cha koti,
na hii, samahani daktari, ya kinenani,
cha sare ya polisi, kile chenye nyota.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaandika.

Wamenitoa damu mara tano.
Ya kwanza ilisema: huna.
Ya pili: huna.
Makohozi yakasema kifua ni kizima.
Dola kumi na mbili, dola ishirini,
cherehani ya pili nikamuuzia mtu wa Bagira
ili nisikie "huna" ya nne.
Sijawahi kununua neno kwa bei hiyo.

Mama Nsimire, jirani, ana jibu bila maabara:
ni karuho. Ulikula wapi? Kwa nani?
Anamjua mzee wa kutapisha, huko nyuma ya Essence,
anapokea hata kuku.
Nilihesabu harusi zote nilizokula mwaka huu.
Ni nyingi. Nilizishonea nguo, wakanilisha.
Nimwogope nani kati yao?

Mume wangu hasemi kitu.
Usiku mkono wake unafika begani, unasimama hapo
kama mtu aliyeona mbwa mlangoni.

Mwezi wa nane wakakata.
Nilipofungua bandeji nikaitazama mishono:
mitatu, ya haraka, uzi mweusi.
Ningeshona vizuri zaidi.
Kipande changu kikavuka Ruzizi ndani ya kichupa,
kikaiona Kigali ambayo mimi sijaiona,
kikakaa huko wiki sita,
na homa ya jioni ikawa inakuja, inaondoka, inakuja
kama mteja asiyejua anataka nguo gani.

Karatasi ikarudi.
"Si saratani," daktari akasema. "Tezi zinaitika tu."

Zinaitika?
Zinamwitikia nani?

Akatazama dirishani. Ziwa lilikuwa jeupe, halina ng'ambo.
"Hilo, karatasi haisemi," akasema. "Na mimi sijui. Rudi baada ya miezi mitatu."
Nilimpenda kidogo kwa lile "sijui."
Nikalipa, nikashuka ngazi, nikasahau mwavuli.

Naam, zinasema usiku. Naam, naam.
Watoto wenye adabu kupita kiasi,
na anayeita simsikii.

Katika daftari la vipimo,
kati ya Bisimwa na bwana harusi wa Nguba,
kuna mstari wangu, hauna jina:
Jumamosi thelathini na sita.
Leo thelathini na sita.
Bwana harusi anataka kola imbane, ndiyo mtindo.
Nimemwachia nafasi ya kidole kimoja.
Hatajua.