Boriti Moja Moja

Seva imekaa kidakani, kidaka cha tatu,
pale mama alipopanga sahani za kauri
kabla hatujaziuza kulipa hospitali.
Diski nne, kila moja na taa yake,
na feni inayokoroma kama mgeni aliyeshiba.

Imejaa. Asilimia tisini na sita.
Negativu za baba, Famau wa studio ya Langoni,
nilizozipitisha kwenye skana Ramadhani mbili;
maharusi ambao leo ni mabibi,
hati za viwanja vilivyosahau mipaka yake,
sauti ya mama akimkemea kuku.

Shekuwe, mwana wa dada yangu, kaja na diski mpya
kazifunga kwenye khanga, kazipakata basi zima.
"Tung'oe zote, mama mdogo. Saa moja tumemaliza."
Nikamwambia: kaa, kunywa kahawa.
Uliona wapi nyumba ikitolewa boriti zote siku moja
na watu wamelala chini ya dari?

Mwaka ule ukumbi ulipoanza kutumwagia vumbi kwenye wali
fundi Bwanakheri hakutuhamisha.
Aliegemeza nguzo, akatoa boriti moja iliyoliwa,
akaingiza mpya, akaigonga, akasikiliza.
Kisha akaenda zake kwake.
Tulimcheka. Dari liko.

Basi kwanza nakala.
Si hapa: Malindi, kwa Zaharia,
ndani ya bati la biskuti, kabati la nguo.
Na nakala si nakala mpaka ifunguliwe.
Nikampigia: fungua picha yoyote.
Kimya kirefu. Kisha,
"Huyu ni mimi, na meno yangu ya mbele."
Hapo ndipo nikashika bisibisi.

Namba za diski ni ndogo kama mayai ya chawa.
Nilizisoma mara mbili, Shekuwe akazisoma ya tatu,
tukabandika plasta, tukaandika kwa wino.
Maana ukichomoa nzima ukaiacha mgonjwa
umemzika jirani, maiti yuko kitandani.

Ya kwanza ikatoka na joto lake, na chumvi pembeni.
Mpya ikaingia. Tak.
Zile tatu zikaanza kumsimulia mgeni
aliyoyajua aliyetoka, kila moja na kipande chake;
lililokosekana likapatikana kwa hesabu.

Asilimia nne. Kumi na moja. Tukala. Thelathini.
Saa saba usiku, kwenye sitini na moja,
umeme ukakatika mji mzima.
Madirisha yakafunguka, watu wakalaani kwa majina kamili.
Betri ikalia kama kifaranga: dakika ishirini.
Nikaizima seva kwa adabu, amri baada ya amri,
sikugusa waya.

Gizani Shekuwe akauliza,
"Babu alikuwa mtu wa namna gani?"
Nikafungua mdomo, nikakuta namba za mafaili.
Ilichukua muda.
Nikasema: alikuwa akimwambia bibi harusi
asiitazame kamera, atazame kitasa cha mlango,
kana kwamba kuna mtu anayempenda atakayeingia.
Hilo halimo kwenye diski yoyote.

Alfajiri umeme ukarudi,
ikashika pale pale ilipoachia.
Siku nne, diski nne.
Ya kwanza, ya pili, ya tatu: nafasi haikuongezeka hata tone,
zote zikipimwa kwa kimo cha mdogo wao.
Ya nne ilipotua, ukumbi ukapanuka.

Za zamani sijazifuta. Ziko kwenye khanga ile ile
mpaka mwezi uishe bila kosa.
Shekuwe anahesabu terabaiti kwa vidole.
Mimi nimefungua folda tupu, nimeiita Kitasa,
nimewasha kinasa sauti.

Haya. Niulize tena.